Nzuri, Ila

Kikao cha Bodi ya Maji ya Kaunti ya Nyikani hufunguliwa kwa sala, na siku ile makamu wangu, Chirima, alisali hadi chai ikapoa. Aliomba hekima. Aliomba umoja. Aliomba mvua, ile ambayo babu zetu waliiomba ikaja, na sisi tumeiomba mpaka tumeona haya. Aliposema amina nilikuwa nimeisoma ajenda mara ya pili, na kipengele cha tatu kilikuwa palepale: kuitoa wadi moja kwenye Bomba Kuu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa bodi hiyo. Watu hudhani mwenyekiti ana nguvu. Mwenyekiti ana kiti, na siku nyingine hata hicho kina mguu mmoja mfupi.

"Daktari, tueleze," nikasema.

Daktari Mkawasi, anayeiwakilisha hospitali ya kaunti, hakusimama. Aliweka mikono juu ya meza, na tukaona jinsi ilivyochubuka.

"Jana maji hayakupanda kilimani," akasema. "Bomba linatoka baharini, na kila tawi lililo njiani linapunguza nguvu yake. Vichujio vya chumvi vimechakaa. Vipya haviji, waliokuwa wakivitengeneza wamefunga. Tukiacha matawi yote wazi, maji yanafika chini ya kilima yanasimama hapo, na hospitali iko juu. Nina wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa maji hayo. Nina kina mama wanajifungua. Jana nimenawa kwa spiriti kutwa nzima. Tazameni."

Hakuna aliyetaka kuitazama ile mikono.

"Si tupunguze kila mahali kidogo?" akauliza Bi Dzame, ambaye katika maisha yake hajapata kuona tatizo lisiloweza kugawanywa sawa kama mkate. "Kidogo kidogo, kila wadi ichangie."

"Tulishapunguza mara mbili, Dada. Hiyo kidogo kidogo imekwisha."

Chirima akakohoa. "Basi tuisikilize Mizani, jamani. Ndiyo sheria."

Ndiyo sheria kweli, na siku ilipopitishwa tulipiga vigelegele. Juu ya mlango wa kila nyumba ya Nyikani kuna sikio, kidude cha ukubwa wa kisahani cha chai kinachotumia nguvu za jua. Asubuhi na alasiri huuliza, "Habari ya leo?" kwa sauti ya mwanamke mpole ambaye hajawahi kulala na kiu, na mwenye nyumba hujibu. Majibu yote huenda kwa Mizani, mashine iliyowekwa nyuma ya ukumbi wetu. Mizani huyapima, ikajua wapi watu wanaumia na wapi wanastahimili. Wanasiasa wasichague tena nani akatiwe maji, tukasema. Maumivu yenyewe yachague. Wadi inayoumia kidogo kuliko zote ndiyo itoke, na bodi ikubali au ikatae, basi. Tulijiona watu waadilifu sana.

"Wadi ya Chidzaya," ikasema Mizani kutoka kwenye spika ya ukutani. "Wakazi wa Chidzaya wanaeleza hali njema kuliko wakazi wa wadi nyingine zote. Bodi inashauriwa kulifunga tawi la Chidzaya na kuwahamishia wakazi kambi za mpakani."

Chidzaya ndiko nilikozaliwa. Mama alipofariki, shangazi yangu Nyevu alinichukua akanilea, na mpaka leo yuko huko na mbuzi wake na mdomo wake. Kila aliyeketi pale alilijua hilo. Nilihisi macho yao yakinipapasa, nikakazana kuandika kitu kwenye karatasi, sijui hata niliandika nini.

"Mizani haina shangazi, Madam Mwenyekiti," akasema Chirima, na hakulisema kwa ubaya. "Ndiyo faida yake. Kama damu inakuvuta, toka nje kidogo, kiti nitakikalia mimi."

"Kiti kina mtu, Bwana Chirima. Tupige kura."

Chirima na Daktari Mkawasi waliunga mkono. Bi Dzame na Bwana Mwero, ambao wana wakwe huko Chidzaya na walikuwa wameshaanza kutoa jasho, walipinga. Wawili kwa wawili. Wote wanne wakanigeukia.

Nikasema kikao kipumzike, watu wanywe chai nyingine.

*

Mizani inakaa katika chumba kilichokuwa ghala la mbegu, enzi kaunti ilipokuwa ikigawa mbegu. Bado kuna harufu ya mahindi makavu. Fundi wake ni Tsuma, mtu mzima mwenye watoto wanne na tabia ya kuzungumza na mitambo kuliko na binadamu. Nilimkuta akipangusa vumbi.

"Tsuma, nataka kumsikia mtu mmoja wa Chidzaya. Nyevu. Majibu yake ya wiki hii."

"Madam, hayo ni ya watu binafsi. Haturuhusiwi."

"Shangazi yangu anaeleza hali njema? Nyevu? Yule analalamika hata akishiba. Hebu nisikilizishe."

Akanitazama, akaona kuwa sitanii. Akabonyeza.

"Habari ya leo?" ikauliza sauti pole.

"Nzuri," akasema Shangazi. Kisha ukimya.

Akabonyeza tena. Habari ya leo? Nzuri. Na tena. Nzuri. Nilisimama pale nikihisi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu yake iliyokatwa kichwa. Kulikuwa na kitu kimepungua, na ilinichukua muda kutambua ni nini.

"Mengine yako wapi?" nikauliza.

"Mengine yapi?"

"Tsuma. Wewe mtu wa wapi? Ukiniuliza habari na mama yangu amelala ndani maiti, mimi nakujibu nini?"

Akafikiri. "Nzuri," akasema. "Nzuri, ila tumepatwa na msiba." Kisha akakaa juu ya kigoda taratibu, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

Ndivyo tulivyolelewa. Jibu la kwanza ni la adabu, la pili ndilo la kweli. Huwezi kumrushia mtu mzigo wako mlangoni kabla hajakaribia. Unamwambia nzuri, halafu unaleta ila yako. Na hii mashine hatukuletewa na wageni wasiotujua. Waliounda sikio ni vijana wetu wenyewe, wa hapa hapa, waliokuzwa kwa nzuri na ila kama sisi. Jambo lilikuwa limewaingia damuni mno, hata hakuna aliyekumbuka kuifundisha mashine. Nani atakumbuka kumfundisha mtu kupumua?

"Mizani inachukua jibu la kwanza," akasema Tsuma. "Likishatimia, mengine inayaweka kando. Tunayaita mabaki. Watu hupiga domo sana, Madam, ilikuwa lazima tuipunguzie mzigo."

"Yapo bado?"

"Yapo. Yote."

"Fungua."

Shangazi akarudi kamili, kama alivyo. "Nzuri, ila bomba siku hizi linakohoa tu, matone mawili likanuna. Na mguu umevimba tena. Na yule mbuzi wa madoa kafa, nimemla kwa majonzi. Na Mbodze wangu hajapiga simu tangu Ijumaa, nyinyi wa serikali mkimwona mwambieni." Mbodze ni mimi. Nikacheka, nikasikia machozi yananijia papo hapo. Nyuma yake Tsuma akafungua wengine, Chidzaya nzima: nzuri, ila mtoto anaharisha, nzuri, ila tumeuza mlango, nzuri, ila hatujanawa miguu, tunaswali kwa kutayamamu kama watu wa jangwani. Wadi nzima ilikuwa ikipiga kelele, na sisi tulikuwa tumezisikia salamu tu.

Niseme wazi nilichohisi: furaha. Nilikuwa nimeshika kosa, kosa la kweli kabisa, na kosa hilo lilikuwa linawaua watu wangu. Kwa kawaida mkubwa akitaka kuwaokoa ndugu zake inabidi adanganye. Mimi ningewaokoa kwa kusema kweli. Nikamwambia Tsuma aipe Mizani mabaki yote, ya wadi zote, ipime upya.

Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, ambacho sikunywa. Kisha ile sauti pole ikasema, "Wadi ya Gandini."

Furaha yangu ikaishia hapo.

"Rudia," nikasema, kana kwamba ikirudia itaona aibu.

"Wadi ya Gandini. Wakazi wa Gandini hawana malalamiko."

Gandini si wadi ya siku nyingi. Ni mahema na mabati kwenye uwanda ulioko nyuma ya machimbo ya kokoto. Watu wake ni wale wa Mavirivirini, wadi iliyokuwa ya kwanza kufungwa, na bodi iliyoifunga ni hii hii. Waliondoka na malori. Wazee wengi walizikwa njiani, na waliofika tukawaambia hapa ni kwa muda mfupi tu.

"Nisikilizishe Gandini," nikasema.

"Habari ya leo?"

"Nzuri." Sauti ya mwanamume. Tukasubiri. Sikio lilikuwa wazi, tulisikia upepo ukipiga turubai. Halafu likasema, "Ahsante," kama linavyosema linapoona mtu amemaliza, likajizima.

"Habari ya leo?"

"Nzuri." Bibi mzee. Turubai. Ahsante.

"Nzuri." Mtoto wa kike, labda mama yake alikuwa kalala. Labda. Ahsante.

Tsuma alifungua nyumba baada ya nyumba, mimi nikingojea ila moja tu, hata ya mbuzi, hata ya mguu. Hakuna. Watu wale walikuwa wamelia wakati wa malori, hakuna aliyekuja, wakalia walipozika, hakuna aliyekuja, basi wakaacha. Waliibakiza adabu peke yake. Na Mizani, sasa ikisikia kila kitu, imesahihishwa, haina kosa hata moja, ilikuwa imewaona kuwa ndio watu wenye raha kuliko wote.

"Ifundishe," nikamwambia Tsuma. "Iambie kuwa huku kunyamaza ndiko kuumia."

"Nitaiambiaje, Madam? Kuna anayenyamaza kwa sababu ameshiba." Akavua miwani. "Hili kosa la mabaki naweza kulithibitisha mbele ya bodi. Hilo lingine ni lako na Mungu wako."

Nikamuuliza wao Gandini wakikatiwa itakuwaje, swali la kipumbavu, maana nilijua. Mtu aliyehamishwa mara moja akabaki mzima hahami mara ya pili. Hukaa palepale. Malori yatakuja, watasema nzuri, na hawatapanda.

"Madam," Tsuma akasema niliposhika mlango, "nilete ripoti ya mabaki kikaoni au nisilete?"

*

Maandazi yalikuwa yamekwisha. Daktari Mkawasi alikuwa amelaza kichwa juu ya meza, akakiinua niliposogeza kiti.

"Haya, Madam Mwenyekiti," akasema Chirima. "Umeenda kuipiga mashine makofi?"

Wakacheka kidogo, nami nikaacha wacheke. Ukweli ulikuwa mdomoni kwangu, mzima. Ningesema tu, jamani, mashine imekosea, mwiteni fundi. Bi Dzame na Bwana Mwero wangerukia. Daktari angekubali, kwa kuwa yeye anataka tawi moja lifungwe, lolote. Chirima angekubali kwa kuwa sheria ni sheria. Gandini ingepita kwa kura zote, bila jasho, kwa maana hakuna mtu katika bodi ile mwenye mkwe Gandini. Nami ningempigia Shangazi simu, angeniombea dua ndefu kuliko ya Chirima.

Na kama ningekataa yote mawili? Nikatazama mikono ya Daktari. Maji yangesimama chini ya kilima.

Nilijiambia hivi. Watu wa Chidzaya wana ila. Tawi likifungwa watafunga barabara. Watakuja hapa na sufuria tupu wazigonge mpaka tusisikilizane. Watashitaki, watatukana, Shangazi Nyevu atanitukana kwa jina na ukoo. Mtu anayeweza kulalamika ana kitu bado, ana uzi wa kushika. Hawa wa Gandini hawana. Wa Chidzaya wataumia, lakini wataumia kwa sauti, na huenda sauti hiyo ikatutoa jasho tukatafuta njia. Nilijiambia hivyo, na mpaka leo sijui kama ilikuwa busara au ni vile mtu hutafuta neno zuri la kuliita jambo analolifanya.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: nilikuwa nawaadhibu watu wangu kwa sababu bado walikuwa wazima moyoni, na nilikuwa nauficha ukweli ambao ungewaokoa.

"Hakuna jipya," nikasema. "Mizani imesimama ilipokuwa."

Tsuma alikuwa amesimama mlangoni. Akaitazama sakafu. Sikumlaumu wala sikumshukuru.

"Kura yangu ni ndiyo. Tawi la Chidzaya lifungwe."

Bi Dzame akaanza kulia waziwazi, kwa sauti, kama aliye matangani. Bwana Mwero akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau, kisha akasema, "Hata nyoka hamezi yai lake, Mbodze." Daktari akanishika mkono kwa ile mikono yake ya moto, akasema ahsante, na nikatamani aiondoe.

Chirima, yule aliyenitolea maneno ya damu, alikuwa ameduwaa. Nadhani alikuwa amejiandaa kunidharau na sasa hakujua aweke wapi ile dharau. "Imeamuliwa," akasema hatimaye. "Tangazo litatoka jioni kwenye masikio yote. Tufunge kwa sala."

Hakuna aliyejitolea kusali. Tukaondoka hivyo.

*

Shangazi alinipigia nikiwa bado kwenye maegesho, sijawasha gari. Tangazo lilikuwa halijatoka.

"Hodi huko!" Shangazi hupiga simu kama anayebisha mlangoni. "Mbodze mwanangu, ndiyo nini kunitupa tangu Ijumaa?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, marahaba. Nimeambiwa mlikuwa na kikao. Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema.

Akangoja. Yule mama amenilea, anajua pumzi zangu. Nilimsikia akisogeza kigoda, akiketi, akinipa nafasi ya kuleta lililobaki. Nilifungua mdomo. Kila neno nililolitafuta lilikuwa la uongo au la kikatili, na lile la kweli lilikuwa limebaki katika ghala la mbegu.

"Mbodze," akasema. "Hujamaliza."

"Nimemaliza, Shangazi. Nzuri."

"Mwanangu, mimi nimepigiwa simu za vifo, nikaambiwa nzuri, ila. Mamako alipofariki waliniambia nzuri, ila. Hata kifo kina ila yake. Hili lenu ni lipi lisilo na ila?"

Mbuzi mmoja alikuwa akilia karibu naye, kilio cha kiu, mtu aliyekulia huko hakikosei. Nililia na mimi, nikiweka mkono juu ya simu asinisikie, ingawa najua alinisikia.

"Ni sisi?" akauliza.

"Ni nyinyi."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Nilingoja matusi. Niliyahitaji matusi yale, nilikuwa nimeyapigia kura. Nilimtaka aanze na jina langu, aende kwa baba yangu, apande mpaka kwa mababu, ainuke aende kwa jirani, jirani ainuke, waokote mawe waweke barabarani. Shangazi hakutukana. Alipumua tu, kwa muda, na mbuzi akaendelea kulia.

Alasiri ilikuwa imefika. Kupitia simu, juu ya mlango wake, nililisikia sikio likizinduka.

"Habari ya leo?" likauliza kwa sauti yake ya upole.

"Nzuri," akasema Shangazi.

Nikasubiri. Nililiegemeza sikio langu kwenye ile simu mpaka likauma. Lile la mlangoni nalo lilikuwa wazi, likisubiri, kwa uvumilivu wote wa mashine.

"Ahsante," likasema, likajizima.